Amplifaya inakata, inachemka au inaunguza spika: anza na omu

Amplifaya moja ililetwa mezani kwangu mara tatu ndani ya miezi minne. Kila mara ugonjwa ulikuwa uleule: transista za kutolea sauti za upande wa kulia zimekufa, fyuzi imekatika, na rezista ndogo ya omu 0.22 iliyo jirani nazo imepasuka. Mara ya kwanza nilibadilisha vilivyokufa. Mara ya pili nilibadilisha tena na kuweka transista imara zaidi. Mara ya tatu nikamwambia mwenyewe, "Safari hii niletee na spika zake, na nyaya zote kama zilivyo." Alipozileta nikakuta upande wa kulia kafunga spika mbili za omu 4 kwa pamoja, kwenye amplifaya iliyoandikwa nyuma kwamba isipewe chini ya omu 4 kwa kila upande. Kushoto kulikuwa na spika moja tu. Amplifaya haikuwa na kosa. Nilikuwa natibu homa bila kupima damu.

Tangu hapo, kifaa chochote cha sauti kikija na malalamiko yanayohusu nguvu, iwe kinachemka, kinakata, hakina sauti au kinaunguza spika, swali langu la kwanza ni moja: kimefungiwa omu ngapi?

Sababu ni hii. Watu wengi huamini amplifaya ya wati 200 inasukuma wati 200 ndani ya spika, kama pampu inavyosukuma maji. Sivyo. Amplifaya hutoa volti. Spika ndiyo inayoamua mkondo kiasi gani upite, na inaamua kwa impidansi yake, yaani ule ukinzani wake kwa umeme wa sauti tunaoupima kwa omu. Volti ukizizidisha kwa mkondo ndizo wati zako. Kwa maneno mengine, wati huvutwa na spika. Spika ya omu chache huvuta nyingi, ya omu nyingi huvuta chache, na amplifaya inaitika mpaka pale itakapochoka.

Hesabu kabla ya kushika bisibisi

Wati ni volti mara volti, gawanya kwa omu. Amplifaya ikitoa volti 2.83 kwenye spika ya omu 8, zinapatikana wati 1. Volti hizohizo kwenye omu 4 ni wati 2, kwenye omu 2 ni wati 4, na kwenye omu 16 ni nusu wati. Yote hayo bila kugusa kitufe cha sauti.

Kwa hesabu hiyo, amplifaya ya wati 100 kwenye omu 8 ilipaswa kutoa 200 kwenye omu 4. Ukweli ni kwamba mkondo ukiongezeka maradufu, transfoma na kapasita za ndani hushindwa kushikilia volti zilezile. Ndiyo maana mtengenezaji mara nyingi huandika 100 kwenye omu 8 na 150 au 160 kwenye omu 4. Nikitaka kujua ugavi wa umeme wa ndani una afya gani, naangalia namba hizo mbili kwanza. Zikikaribiana sana, najua hiyo amplifaya haipendi omu chache.

Ila wati zinazokwenda kwenye spika si ndizo zinazoua. Kinachoua ni joto linalobaki ndani ya transista. Chukua amplifaya ya kawaida ya transista yenye umeme wa ndani wa volti 35 chanya na 35 hasi. Ikipiga spika ya omu 8, joto la juu kabisa linaloweza kubaki kwenye transista za upande mmoja ni wati 31 hivi. Iwekee omu 4, linakuwa wati 62. Omu zikipungua nusu, joto linazidi maradufu, lakini bati la kupozea ni lilelile. Na joto hilo halifikii kilele sauti ikiwa mwisho. Hufikia kilele pale amplifaya inapotoa karibu asilimia 40 ya nguvu yake. Kwa hiyo anayekuambia "mbona sikuifungulia sana" huenda anasema kweli tupu, na transista zimeungua vilevile.

Kuunga spika nyingi kuna njia mbili. Ukiziunga sambamba, chanya zote pamoja na hasi zote pamoja, omu hupungua: mbili za 8 huwa 4, mbili za 4 huwa 2, tatu za 8 huwa 2.67, nne za 8 huwa 2. Ukiziunga mfululizo, hasi ya kwanza ikiingia chanya ya pili, omu hujumlishwa: mbili za 4 huwa 8. Nne za omu 8 ukiziunga mbilimbili mfululizo, kisha jozi hizo mbili ukaziunga sambamba, unarudi kwenye 8 ileile. Hii ya mwisho ndiyo ninayoipenda zaidi mtu anapotaka spika nne kwa amplifaya moja, mradi zote nne ziwe za aina moja.

Kupima, kwa sababu lebo haitoshi

Toa waya wa spika kwenye amplifaya. Weka mita kwenye omu, gusanisha ncha zake mbili kwanza usome zenyewe zina kiasi gani. Mita za bei nafuu husoma 0.3 au 0.5 hata kabla hujapima kitu. Kipunguze hicho kwenye kipimo chako.

Spika iliyoandikwa omu 8 itasoma kati ya 5.5 na 7. Ya omu 4 itasoma 3 hadi 3.8. Usishtuke ukadhani imeharibika. Mita inapima ukinzani wa waya wa koili kwa mkondo mnyoofu (DC), na namba iliyo kwenye lebo ni ya umeme wa sauti. Hata hiyo ya lebo ni ya kukadiria tu. Spika ileile ya omu 8 inaweza kupanda mpaka 40 kwenye masafa ya besi ambako koni hutikisika yenyewe kwa urahisi, ikashuka hadi 6.4 sehemu nyingine, kisha ikapanda tena kwenye trebo. Kipimo cha kimataifa cha spika, IEC 60268-5, kinataka impidansi isishuke chini ya asilimia 80 ya namba iliyoandikwa, na hapo ndipo 6.4 inapotoka.

Mita ikisoma kama hakuna kitu kabisa, koili imekatika au waya umetoka. Ikisoma omu 1 au chini kwenye spika ya omu 8, mizunguko ya koili imegusana baada ya lakiri kuungua. Spika hiyo usiirudishe kwenye amplifaya hata kwa kujaribu.

Kuna kosa moja nalikuta sana. Mtu ana boksi lenye spika ya besi ya omu 8 na twita, ile spika ndogo ya trebo, ya omu 8, anapiga hesabu ya sambamba na kusema boksi lina omu 4. Halina. Krosova imegawa masafa: besi inaenda huku, trebo kule, na kwa kila masafa amplifaya inakutana na spika moja tu. Boksi hilo ni la omu 8. Na ukilipima nyuma kwa mita, unasoma spika ya besi peke yake, kwa sababu kapasita ya twita haipitishi mkondo mnyoofu. Twita inaweza kuwa imekufa tangu mwaka jana na mita isikuambie. Fungua boksi, itenganishe, uipime yenyewe.

Ukitaka impidansi ya kweli, tafuta rezista ya omu 10 yenye uwezo wa wati 5 au zaidi. Iunge mfululizo na spika, piga toni ya hezi 400 kutoka kwenye programu ya simu kupitia amplifaya, sauti ya chini tu. Weka mita kwenye volti za mkondo geu (AC). Pima volti juu ya rezista, kisha juu ya spika. Za spika gawanya kwa za rezista, zidisha kwa 10. Juzi nilipima moja: rezista volti 1.00, spika volti 0.74. Basi ni omu 7.4. Nimechagua hezi 400 kwa sababu mita nyingi za kawaida hudanganya ukizipeleka juu ya hapo.

Inakata ukiongeza sauti, au inachemka hadi huwezi kuishika

Hii ndiyo inayoletwa mezani kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Ondoa spika zote. Washa. Ikiendelea kukata bila spika hata moja, ugonjwa uko ndani na hesabu za omu hazitakusaidia. Ikitulia, funga spika moja upande mmoja, cheza kwa dakika kumi, kisha hamia upande wa pili. Ongeza moja baada ya nyingine. Spika au waya utakaorudisha tatizo ndio wa kushughulikia.

Mara nyingi utakuta spika zimezidi. Hesabu zote zilizo upande huo, na zile za chumba cha pili ambazo mwenyewe kasahau kukutajia. Amplifaya nyingi za nyumbani zina kitufe cha kuchagua spika A, B, au zote mbili. Kwenye nyingi, ukichagua zote zinaunganishwa sambamba, na jozi mbili za omu 6 zinakuwa omu 3 bila mtu kuona. Kwenye nyingine chache kitufe hicho huziunga mfululizo. Pima kwa mita ujue yako ni ya kundi gani.

Ukikuta idadi iko sawa, angalia ncha za waya. Waya wa spika una nyuzi nyembamba, na uzi mmoja ukitoroka upande wa chanya ukagusa hasi, hapo umeweka karibu omu sifuri. Wakati mwingine haugusi mpaka boksi linapotikisika, ndipo amplifaya inakata kwenye besi pekee na watu wanailaumu besi. Kata ncha upya, zisokote, zitie risasi au uziwekee vichwa vya kubana.

Kisha kuna kuunga daraja, yaani pande mbili za amplifaya kufanya kazi kama moja kwa spika moja. Hapa watu huungua sana. Kwenye daraja kila upande hubeba nusu ya spika: ukiweka omu 4, kila upande unaona omu 2. Amplifaya yenye kikomo cha omu 4 kwa upande inahitaji omu 8 kwenye daraja, hakuna mjadala. Ile ahadi ya nguvu kubwa inatokana na volti kuwa maradufu, na volti zikiwa maradufu kwenye spika ileile wati zinakuwa mara nne. Hakuna transista inayotoa mara nne kwa hisani. Mkondo huo lazima utoke mahali.

Jambo jingine linalofanana na hilo lakini halionekani: bodi ndogo za kisasa zinazotumia umeme wa volti 12 hadi 24, na redio nyingi za gari, tayari zimeungwa daraja kwa ndani. Nyaya zote mbili za kila spika zina umeme wa sauti, hasi yake si bati la gari wala ardhi. Mtu aliyezoea mitambo ya zamani hukusanya hasi za spika zote kwenye waya mmoja ili kuokoa waya, na kifaa kinaingia kwenye kinga papo hapo. Omu za spika ziko sawa kabisa, na bado kila kitu kinakata. Kila spika ipewe nyaya zake mbili.

Sabufa yenye koili mbili inastahili neno lake. Koili mbili za omu 4 hukupa omu 2 ukiziunga sambamba au 8 ukiziunga mfululizo. Omu 4 haipatikani kwa kutumia koili zote mbili, hata ukizunguka vipi. Kuna dalili moja ya ajabu kwake: amplifaya inachemka kama kawaida, lakini koni haisogei. Ukiibonyeza kwa vidole iko laini, haijakwama. Hapo koili moja imefungwa kinyume. Moja inavuta, nyingine inasukuma, umeme wote unageuka joto. Geuza nyaya za koili moja tu na sabufa itafufuka.

Ukimaliza hayo yote na bado inachemka, ndipo uangalie feni, vumbi kwenye bati la kupozea, na kama imebanwa kabatini.

Wati nyingi kwenye boksi, sauti hakuna

Hapa omu huwa upande wa pili, zimezidi. Spika mbili za omu 8 mfululizo ni 16, na amplifaya ya wati 100 kwenye omu 8 itatoa 50 kwa zote mbili kwa pamoja, 25 kila moja. Si ugonjwa. Ni hesabu.

Lakini usikimbilie kushusha omu ili kupata sauti. Kuongeza nguvu maradufu ni desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaisikia lakini halishangai. Ili sauti ionekane imekuwa maradufu unahitaji desibeli 10 hivi, yaani wati mara kumi. Angalia usikivu wa spika, yaani sauti inayoitoa kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1: yenye desibeli 92 ikipewa wati 10 inafikia pale ambapo yenye desibeli 86 inahitaji wati 40. Kubadilisha spika kuna faida kuliko kuitesa amplifaya. Ukilinganisha usikivu, soma umepimwa vipi. Ukipimwa kwa volti 2.83, spika ya omu 4 imepewa wati 2, si 1. Desibeli 90 zake ni 87 ukiweka kwa wati 1.

Angalia pia namba ya wati yenyewe kama inawezekana. Amplifaya ya gari isiyo na saketi ya kupandisha volti ina volti 14.4 za kuchezea injini ikiwa inanguruma. Hata ikiwa daraja na bila kupoteza chochote, hizo ni karibu volti 10.2 za sauti. Kwenye omu 4 ni wati 26. Basi. Ikiwa imeandikwa 50 mara 4, hizo ni wati za kilele, na ikiwa imeandikwa mamia, hesabu haikubali.

Waya mwembamba nao hula. Waya wa shaba wa milimita mraba 0.75 ukienda mita 20 mpaka kwenye spika una omu 0.92 kwenda na kurudi. Kwa spika ya omu 4, umebakiwa na asilimia 66 ya nguvu ambayo ingeingia. Ukiweka wa 1.5 unafika asilimia 80. Na ukitumia huohuo wa 1.5 kwa spika ya omu 8, asilimia 89. Kadiri omu za spika zinavyopungua ndivyo waya unavyokuwa sehemu ya tatizo. Nyaya nyingi za siku hizi ni alumini iliyopakwa shaba, hizo zina ukinzani zaidi. Kwaruza ncha kwa kisu: ndani ikiwa nyeupe, umeshajua.

Sauti ikiwepo lakini besi imepotea, na inarudi ukisimama karibu na boksi moja, spika moja imefungwa kinyume. Betri ya volti 1.5, chanya kwa chanya: koni inatakiwa iruke nje. Inayoingia ndani, geuza.

Spika moja inakoroma, nyingine kama haipo

Mmechanganya omu. Sambamba, ya omu 4 huvuta nguvu maradufu ya ile ya omu 8 iliyo jirani yake. Mfululizo mambo yanageuka: mkondo ni mmoja kwa wote, na ya omu 8 ndiyo inayobeba maradufu. Nimeona mtu akibadilisha spika "dhaifu" mara mbili kabla ya kugundua hilo. Kwenye mnyororo mmoja weka zinazofanana.

Na kama umebadilisha twita ya omu 8 ukaweka ya omu 4, krosova nayo imehama. Kapasita ya mikrofaradi 4.7 hukata kwenye hezi 4,200 hivi kwa omu 8. Kwa omu 4 inakata kwenye 8,500. Katikati hapo panabaki shimo, sauti za waimbaji zinakuwa kama zimefunikwa blanketi.

Twita zinaungua kila mara

Muziki una vilele na mabonde. Wastani wa nguvu yake uko chini sana ya vilele, ndiyo maana amplifaya ya wati 100 ikipiga muziki safi mpaka karibu na mwisho huenda inatoa wati 10 tu za wastani. Twita imetengenezwa kwa maisha hayo. Ukiilazimisha amplifaya kupita volti ilizonazo, vilele vinakatwa, mabonde yanaendelea kupanda, na wastani unapaa. Wimbi lililokatwa mpaka likawa la mraba lina nguvu maradufu ya wimbi laini lenye kilele kilekile, na kingo zake kali zimejaa trebo. Trebo yote hiyo krosova inaipeleka kwa twita.

Omu zinaingia wapi? Omu zikiwa chache mno, volti za ndani hushuka kwa uzito wa mkondo, na vilele vinakatwa mapema kuliko mahali ulipozoea kitufe. Mtu kaongeza jozi ya spika, kitufe kakiacha palepale, na twita zinaanza kwenda moja moja. Rudisha omu juu kwanza. Kisha shusha sauti kwenye chanzo pia, maana mikseri iliyojaa taa nyekundu hukata vilele kabla hata havijafika kwenye amplifaya. Kuweka fyuzi kubwa zaidi au twita "ya wati 300" hakutibu.

Harufu ya kuungua hata sauti ikiwa chini

Zima sasa hivi, usome baadaye.

Ukiwasha na koni ikatoka nje au ikaingia ndani na kubaki hapohapo, amplifaya inatoa mkondo mnyoofu. Transista moja ya kutolea sauti imeshikana, na volti za ndani zinaenda moja kwa moja kwenye koili. Volti 35 kwenye koili inayosoma omu 6 ni wati 204, mfululizo, bila koni kutikisika na kuipoza. Koili haimalizi muda mrefu.

Toa spika. Weka mita kwenye volti za mkondo mnyoofu, pima kati ya tundu mbili za spika bila muziki. Milivolti chini ya 50 ni salama. Volti nzima nzima ni ugonjwa. Kwa zile bodi zilizoungwa daraja kwa ndani usipime kutoka tundu moja kwenda ardhi, kwa sababu kila tundu kwa kawaida hukaa kwenye nusu ya umeme wake na utajitisha bure. Pima tundu kwa tundu.

Inaanza vizuri, baada ya saa mbili sauti imefifia

Si masikio yamechoka tu. Shaba huongeza ukinzani kwa asilimia 0.39 kila joto likipanda nyuzi moja ya Selsiasi. Koili ya omu 6 ikipata joto la nyuzi 150 zaidi inakuwa omu 9.5, na kwa volti zilezile inavuta karibu theluthi mbili tu ya nguvu ya mwanzo. Kama desibeli 2 zimetoweka. Mpigaji anasikia sauti imeshuka, anaongeza, koili inazidi kuchemka. Dawa ni spika zaidi zikigawana mzigo, au kupumzika. Ipime koili mara tu ukizima na uipime tena ikipoa; tofauti ya namba hizo mbili ndiyo ushahidi wako.

Mitambo ya volti 100 na amplifaya za valvu

Spika za dari na honi za matangazo zinazofungwa nyingi kwenye laini moja zina transfoma ndogo kila moja. Hapo usihesabu omu, jumlisha wati za kila transfoma, na usizidi asilimia 80 hivi ya uwezo wa amplifaya. Spika iliyowekwa kwenye wati 10 ni sawa na omu 1,000 kwa laini hiyo. Kumi kati yake ni omu 100, wati 100. Mita ya omu hapa itasoma waya wa transfoma peke yake, haikuambii kitu. Ukikuta laini nzima imekufa baada ya mtu kuongeza spika moja, tafuta aliyefunga spika ya kawaida ya omu 8 bila transfoma. Kwa volti 100 spika hiyo ingevuta wati 1,250.

Valvu, zile taa za kioo za amplifaya za zamani, zina tabia ya kinyume na transista. Transista huogopa omu chache. Valvu huogopa kukosa spika kabisa, kwa sababu transfoma yake ya kutolea sauti hupandisha volti mpaka cheche zikaruka ndani. Usiiwashe bila kitu kimefungwa nyuma, na spika ya omu 8 iingie kwenye tundu ya 8.

Kabla ya kuirudishia spika

Amplifaya iliyotoka matibabu haistahili kuchomekwa moja kwa moja. Unga balbu ya nyuzi ya wati 60 au 100 mfululizo na waya wa umeme wa ukutani. Washa bila spika. Balbu ikimulika ghafla kisha ikafifia, kapasita zimejaa na hakuna kilichoshikana. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima, kuna kitu ndani bado kinavuta. Ikififia, pima milivolti kwenye tundu za spika, pande zote mbili. Funga spika moja ya zamani usiyoionea uchungu, ya omu 8, piga kitu kwa sauti ndogo huku kidole kikiwa kwenye bati la kupozea. Toa balbu baadaye. Zile spika mbili za omu 4 za upande wa kulia nilizirudisha zikiwa zimeungwa mfululizo, na nilibandika kipande cha tepu juu ya tundu nikaandika kwa kalamu nzito: OMU 8, USIBADILISHE.